Chemchemi: Angalia Kisima

Chumba cha Faharasa,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kila mvua ikitaka kunyesha. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakohoa kidogo lakini chakula hakimshindi, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Binti yangu amepata miwani, na sasa anadai dunia ina vumbi jingi kuliko alivyodhani.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi, mkoba bado begani. Nilisikitika sana kusikia kwamba aliyenunua kiwanja cha jirani amekizungushia seng'enge kisima chetu kilichomo humo, na kwamba sasa unakwenda na ndoo mpaka mtoni, wewe na goti lako. Nilicheka kidogo uliposimulia afisa wa maji anavyolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Halafu nikafika ulipoandika kwamba alifungua kitabu kikubwa cha kijani, akasoma, akasema seng'enge ni halali. Ukaongeza kwamba ungependa sana kumjua huyo mjinga aliyekiandika.

Shangazi, mjinga huyo unamjua. Ulimlea mwenyewe miaka minne, ukamtoa hata chawa.

Kitabu cha kijani ni chetu. Ni mwongozo wa sheria za maji, misitu na ardhi, na karibu kila ofisi ya serikali inao mezani. Sheria zenyewe sikuzigusa. Kazi yangu ni faharasa, ile orodha ya maneno kurasa za nyuma, inayomwonyesha msomaji jambo analotafuta liko wapi. Ndiyo kazi uliyonitania nayo siku ya harusi ya binti yako, ukaniita Mama Angalia, ukasema naamka kila asubuhi kwenda kuwaambia watu wakaangalie kwingine.

Niliweka mkoba chini nikakishusha kitabu rafuni. Nikakuta maneno matatu niliyoyaandika kwa mkono wangu miaka kumi na mmoja iliyopita: "Chemchemi: angalia Kisima." Afisa wako aliangalia kisima, kama alivyoambiwa. Huko sheria inasema kisima ni shimo lililochimbwa na mtu, na mwenye kiwanja ndiye mwenye kisima. Laiti ningemwacha kwenye chemchemi, angesoma kwamba maji yanayotoka ardhini yenyewe hayana mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kuyawekea ua.

Kosa hili nililitoa nyumbani kwenu. Pale sikuwahi kusikia mtu akisema chemchemi. Babu alijenga ule ukingo wa saruji ili watoto tusitumbukie, na tangu hapo ikawa nenda kisimani, rudi kisimani, nani kaacha kata kisimani. Nilipolifikia neno lile kazini, niliuona ukingo wa Babu kichwani mwangu, nikajiambia ni kitu kimoja, nikaendelea na Choo. Kwa hiyo maji yaleyale yaliyonikuza ndiyo yaliyonikosesha, na kosa likarudi kuyafungia. Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, nimejifungia stoo ya karatasi.

Nakiri niliogopa. Kazi ya toleo jipya inaanza mwezi ujao na nimeahidiwa kuisimamia, jambo nililolisubiri tangu binti yangu anatambaa. Nilifikiria kulirekebisha kimyakimya humo, nani angejua? Lakini toleo hilo litatoka mwakani, na ile rufaa yenu mbele ya baraza la maji, uliyoitaja mwishoni mwa barua, ni Jumatano ya wiki ijayo. Nikakuona na ndoo yako njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikajiambia, nikapanda ngazi.

Mhariri wetu mkuu tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu anaweza kusimamisha mtambo wa kuchapa kwa ajili ya nukta moja. Nilimwekea kitabu mbele nikamweleza yote, pamoja na ukingo wa Babu. Alisoma ule mstari, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Shangazi yangu. Ila bado hajajua kwamba mkosaji ni mimi."

Aliivaa tena miwani polepole, kwa muda ambao ungenitosha kupanga faharasa ya dhambi zangu zote.

"Basi aanze kujua yeye," akasema, "halafu ofisi zote."

Kesho yake tuliandika masahihisho, sentensi mbili tu. Fundi wetu wa kujalidi vitabu, mama asiyekosa gundi vidoleni, alivikata vijikaratasi vilivyochapwa sentensi hizo, na ofisi nzima tukaketi meza moja kuvitia kwenye bahasha, hata mpika chai. Kila ofisi yenye kitabu itapata chake. Vyako viwili vimo humu, vina mhuri. Kimoja mpe afisa akibandike juu ya kosa langu, na tafadhali usimsimange, alikwenda nilikomtuma. Kingine kiende nawe barazani.

Sasa nisikilize vizuri. Mwenye kiwanja atakuja na wakili, na wakili atakuuliza maji yale mnayaitaje. Ulimi wako naujua, utasema kisima. Usijikaze kusema chemchemi kama mwanafunzi aliyekariri. Sema kweli yote: tunakiita kisima, lakini saruji ni ya baba yangu, na maji yalikuwapo kabla yake. Kisha waombe wajumbe wa baraza waende wakatazame kama chini ya ukingo kuna shimo la jembe au mwamba unaotoa maji. Ule mwamba naukumbuka, tulikuwa tukiugusa kwa vidole vya miguu na kupiga kelele za baridi.

Sitakudanganya kwamba tumeshashinda. Baraza ni baraza, na seng'enge bado iko palepale. Lakini nimezisoma kurasa zile mara nne, na nina matumaini makubwa kuliko niliyokuwa nayo Alhamisi.

Kuhusu toleo jipya, Bwana Nukta hajasema kama bado ni langu. Nilipomuuliza alijibu kwamba tumalize kwanza habari ya maji. Ila amenipa ruhusa ya siku tano. Nitapanda basi la Jumatatu ijayo, Jumanne jioni niko kwako, na Jumatano tutaingia barazani pamoja. Nitasimama niseme ni nani aliyeandika maneno yale matatu.

Nisalimie mzee wako, mwambie aache kumrushia maneno mwenye kiwanja kupitia seng'enge, anatuharibia kesi. Wasalimie binamu fundi baiskeli na mkewe, na jirani yako mkunga. Mume wangu na binti wanakuamkia. Mungu akulinde, alitulize goti lako, na aufunge mdomo wa mzee mpaka Alhamisi.

Ile ndoo kubwa usiiguse siku hiyo. Nitaibeba mimi, iwe ni mtoni au kisimani.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Yule mjinga wa kitabu cha kijani.