Dawa Isiyouma

Tata, baba yangu,

Unakumbuka tulivyokuita mchinjaji? Wachimbaji wa Kasulo walikujia na miguu iliyopasuliwa na mitalimbo, nawe ukamwaga javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, juu ya kidonda. Mtu mzima analia, mimi nimemshika mabega. "Vumilia. Kama inauma, ni kusema iko naponyesha," ulisema. Nilikuwa nafumba macho. Javeli iliunguza hata nyama nzima, na niliapa nitatafuta dawa isiyouma.

Nimeitafuta, Tata. Kwenye maabara yetu hapa Manika tunachanganya mafuta, maji na sabuni mpaka viwe vyeupe kama maziwa. Adui wetu ni spora: vijidudu vya pepopunda vikijifungia ndani ya ganda na kulala udongoni miaka na miaka, hata maji yanayochemka hayaviui. Mwezi uliopita vilikufa kwenye sahani zetu za kioo. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikamringia Ilunga, kitinda mimba wako: vinakufa vyote, na haiumi! Sikumwambia kwamba ni sahani tu, kwamba mwili wa mtu bado hatujaugusa. Nani anaringa nusu nusu?

Jumatatu nilimkuta amefunga kitambaa mguuni. Wiki moja kabla, mtalimbo ulimchoma shimoni anakochimba, ukazama ndani kabisa. Chupa ya dawa yetu aliitoa kwenye mkoba wangu.

"Nilipakala dawa yako, Yaya. Haiumake hata kidogo. Sindano ya nini tena?" aliniambia mimi mkubwa wake.

Nilimburuta hospitali, akachomwa sindano ya pepopunda, muuguzi akasema tumechelewa, tuchunge taya, maana ndiko ugonjwa huanza kukaza. Tangu siku hiyo nachunga taya. Akipiga miayo, roho inaruka. Yeye ananicheka. Naogopa, Tata, naogopa hadi kazini vyombo vinaniponyoka. Wewe uliwaumiza watu, lakini wakitoka kwako walikwenda wenyewe kuchomwa sindano, maana walishaogopa. Mimi nilimwondolea mdogo wangu woga.

Asubuhi hii nimempikia ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe. Amemega matonge mawili, akasukuma sahani.

"Shina njala, Yaya."

Meno hayakuachana vizuri. Sijathubutu kumwuliza. Nimeita pikipiki, nimemwambia tunakwenda kubadilisha kitambaa tu. Safari hii hakunicheka. Ameniomba nimshike mkono.

Mwanao wa kwanza, ambaye leo angekupa mabega yake uyashike