Nani Atashika Usukani

Baba Watoto na wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni. Hema lianikeni, linanuka uvundo.

Asubuhi nikivaa viatu vya kazini niliwasikia mkigombania viti vya dirishani kwa ajili ya safari ya maziwani. Kitinda mimba akauliza, "Na Mama je?" Baba yake akamjibu, "Mama yeye ana usukani wake." Mkacheka.

Wiki nzima naendesha basi. Ziwa gani kati ya hayo mliyopanga sijafika? Nimepeleka watu, wakaogelea, wakarudi kuniloweshea viti. Mimi hubaki kulinda mizigo. Sijawahi kuchovya hata kidole.

~~Nendeni wenyewe, mimi nitalala.~~

Nakuja. Ila Baba Watoto, leseni yako ile uliyoihuisha kwa mbwembwe iko kwenye droo ya vijiko, haijaona barabara. Funguo nimeziweka juu ya karatasi hii. Jioni pitisha gari mtaani ujikumbushe, na lile geti mara hii ulione kabla hujaligonga.

Nitachelewa kurudi. Napitia dukani kununua nguo ya kuogelea, maana nimegundua sina.

Mama,
abiria, dirishani, upande wa ziwa