Gurudumu la Tarehe Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Hadubini imefika! Nimeifuta lenzi mara tatu kama pua ya mtoto. Kiwanda kizima cha kusubu vyuma, na anayejua kuitumia ni mimi tu — binti wa mmiminaji! Baba kapita na aproni yake iliyotobolewa na cheche, kajifanya anakagua bawaba za mlango wangu. Bawaba gani? Kaja kuniona tu.

Jumanne, 4 Machi
Mteja karudisha gurudumu la pampu. Vipande viwili. Meneja anasema chuma chakavu tulichoyeyusha kilikuwa kibovu, mnunuzi wetu wa chakavu afukuzwe. Maskini, kasimama pale kashika kofia mkononi. Nikasema ngojeni, nilitazame kwanza. Nilivyosema kwa mbwembwe!

Jumatano, 5 Machi
Nimekata, nimesugua, nimeng'arisha mpaka najiona. Katikati kuna vipande vyembamba vyeusi vya grafiti, ile ile ya kalamu ya risasi, na ufa umepita kutoka kimoja hadi kingine. Kawaida yake. Lakini ukingoni — hamna grafiti! Peupe tupu, pagumu, panavunjika kama kioo. Ufa umeanzia hapo.

Chakavu hakina kosa. Daftari la tanuri linasema kila ndoo ya chuma kilichoyeyuka ilitiwa unga wa silikoni, ule unaoifanya grafiti ijitokeze. Basi chuma kilikaa sana kabla ya kumiminwa, nguvu ya unga ikaisha. Nimegundua mwenyewe! Nimecheza peke yangu maabara. Mnunuzi kanishika mikono yote miwili. Meneja kasema ripoti kesho, na aliyechelewesha ndoo ndiye atakayeondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegeuza kipande nisome tarehe ya kumiminwa mgongoni. 9 Januari. Nimeisoma tena.

Siku hiyo nilimpigia Baba simu: nimefaulu mtihani wa maabara! Akanipitisha kwa kila mtu pale tanurini — ongea na huyu, ongea na yule — robo saa nzima. Kumbe ndoo ilikuwa inamsubiri.

Nimemwita, nikamwonyesha tarehe. Amebakiza miezi miwili astaafu. Katazama kwenye lenzi, jicho moja kafumba. Halafu kawaita wenzake: njooni muone, mwanangu kanikamata! Anacheka huku machozi yanamtoka. Kaninong'oneza niandike nilichokiona, nisije nikamwaibisha kwa uongo.

Najivunia baba huyu mpaka naumia. Ripoti iko hapa mezani, kando ya daftari hili. Ufa nimeandika, ukingo mweupe nimeandika. Pa jina la mmiminaji bado patupu — Meneja huyo anabisha hodi. Baba kaniwahi mlangoni, anamfungulia ili ajitaje mwenyewe.