Palipochanika Kwenye Dawa ya Macho

Wewe unayesoma hapa, nakuomba haya yabaki kwako. Usimsomee mtu, hasa wa kanisa letu la Brooklyn Center, huku Marekani. Nina hofu, ingawa leo hata hofu yenyewe naiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Jumamosi, Aprili 2014. Mvua ya baridi tangu asubuhi.

Mimi ni karani chuoni. Naangalia picha za vipande vya mafunjo, karatasi za matete kutoka Misri ya kale, na kuchapa Kigiriki kinachosomeka. Nilikisomea chuo cha theolojia, nyumbani Kenya. Vingi ni maagizo ya dawa: ya kikohozi, ya tumbo, ya macho. Palipochanika naacha wazi. Hata nikiwa na hakika na neno, naacha wazi.

Jumapili iliyopita, kwenye chai baada ya ibada, waliniuliza kazi yangu. Nikataja dawa moja ya macho: zafarani, shaba iliyosagwa, gundi ya mti, maji ya mvua, kisha kipande kinakatika.

Mama Joyce akaweka kikombe chini. "Si Kigiriki ndicho cha Agano Jipya? Basi hiyo ni dawa ya Biblia!"

Wakapiga makofi. Nikacheka nao. Sikusema kwamba aliyeiandika huenda hakuwahi kulisikia jina la Yesu.

Shangazi Rhoda, dada ya baba, ninayeishi naye, hakucheka. Ana presha ya macho. Daktari alimwambia asiruke matone hata siku moja, kwa sababu uwezo wa kuona ukipotea haurudi.

Leo nimekuta sufuria yake ya ugali imewekwa nje, kwenye roshani, inakinga maji ya mvua. Mezani kuna zafarani, kipande cha bomba la shaba, na tupa ya kukisagia. Chupa ya matone iko kabatini, haijaguswa.

"Shangazi, matone umeacha lini?"

"Tangu Jumapili. Yananichoma, wee! Haya, msomi wangu, niambie palipochanika palikuwa na nini."

"Hapajulikani."

"Hapajulikani! Wazungu wako wamekukataza kusema, eh?"

Alikuwa amegeuza kichwa chote ili anione. Upande wa kushoto hanioni tena.

"Nimepata pale palipochanika," nikasema. "Panasema mgonjwa aliye na tabibu asitie dawa hii. Afuate ya tabibu wake."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa."

Haijaandikwa.

Akaenda kuleta chupa, akainua uso. Nikamtilia. Yakamchoma, akanibana mkono. Sikuhisi kitu.

"Kumbe wazee wale walikuwa na akili," akasema akijipangusa. "Kesho nasimama kutoa ushuhuda."

Mbele ya kanisa lote. Na mchungaji wetu naye alisoma Kigiriki.

Sufuria bado iko nje. Sijaimwaga.

Wewe unayenifahamu, ukitaka kunikemea usipige simu kazini, wala usiandike maoni hapa chini. Kesho ibada ikiisha nitakuwa jikoni mwa kanisa, naosha vikombe. Pitia mlango wa nyuma, uje peke yako. Nitakusikiliza mpaka mwisho. Jioni tu usinitafute. Jioni namtilia matone.