Mnihesabu Nami Kwenye Kikao cha Anjela

Honolulu, Novemba 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama, shikamoo hapo ulipo, nadhani ni karibu na mlango wa jikoni ukijifanya husikilizi. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, goti la Baba limepoa, na mbegu za mpunga hazijaliwa zote na ndege kabla mvua haijashika. Baada ya yale mafuriko ya mwanzo wa mwaka, mtu akinitajia mvua za Kilombero nashika roho. Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa, Mama, zile gauni ulizonishonea zimeanza kulia kwenye mishono.

Anayesoma kwa sauti najua ni kaka Gaudensi, maana Baba hata akivaa miwani anasoma mstari mmoja halafu analala. Kaka, shikamoo. Soma polepole, na usiruke mstari hata ukikuchoma. Mdogo wetu Anjela nimemtumia nakala yake, kwa hiyo usijaribu.

Kazi yangu ni ileile. Asubuhi niko chuoni kwenye masomo ya uuguzi, baada ya hapo namtunza Mzee Tadashi, mwenye nyumba ninayokaa. Ni Mjapani wa kuzaliwa hukuhuku, mjane, na maisha yake yote alipika sukari kiwandani. Baba, mngekutana msingelala. Anasema kambi za miwa za huku zilikuwa kama zetu za Kidatu: Wajapani safu yao, Wafilipino safu yao, Wareno yao, kila watu na dini yao na harufu ya chungu chao. Nilipomweleza kwamba umeacha miwa ukarudi kwenye mpunga wako Kiberege, alitikisa kichwa kwa furaha. "Baba yako ana akili," akasema. "Mua haumkumbuki aliyeukata." Anakula wali asubuhi, mchana na jioni, basi tunaelewana vizuri.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Mwezi huu huku kulikuwa na uchaguzi, na kati ya mambo yaliyopigiwa kura lilikuwamo la ndoa. Mahakama ya huku ilikuwa imeelekea kukubali kwamba wanawake wawili, au wanaume wawili, wanaweza kufunga ndoa ya serikali. Watu wengi wakapinga, ikaletwa kura ya wananchi: je, Bunge lipewe nguvu ya kuifanya ndoa iwe ya mwanamume na mwanamke tu? Ukisema ndiyo, unaufunga huo mlango. Ukisema hapana, unauacha kama ulivyo. Najua hapo Shangazi amesema, "Yesu na Maria!" Shangazi, shikamoo. Vumilia, hujasikia bado.

Mimi nilishtuka kama wewe, sikufichi. Lakini majirani zetu upande wa kushoto ni wanawake wawili wa namna hiyo. Nora anaendesha basi la abiria, Keala anafundisha watoto wa shule ya msingi. Wameishi pamoja tangu ujana wao, na sasa wote wana mvi. Mlangoni kwao kuna mpapai unaozaa kama umelogwa, na kila Jumamosi Nora hupitisha mapapai juu ya uzio. Nilipoumwa homa mwaka jana, Keala ndiye aliyekesha nami. Nilipopona nilijaribu kuendelea kushtuka kama zamani, nikashindwa.

Kabla ya siku ya kura, televisheni ilikuwa haina jambo lingine. Wataalamu wanakaa mezani wamevaa tai, wanawapepeta watu kama mchele kwenye ungo. Wazee wa Kijapani wanawekwa hapa, Wafilipino Wakatoliki pale, wanajeshi kule, vijana wa chuo pembeni, Wahawaii wenyewe kwenye kona yao. Kila fungu linaambiwa litasema nini hata kabla halijafungua mdomo. Mzee Tadashi alikuwa anaangalia, anacheka. "Hao wameshanipigia kura mimi," akaniambia. "Nibaki nyumbani nilale."

Mwenzangu tunayepokezana kumtunza Mzee anaitwa Luz. Yeye ni Mfilipino, Mkatoliki wa rozari kila siku, na kwenye ungo ule aliangukia palepale alipopangiwa. Hakuficha. Alitoka nje na kikombe chake cha kahawa akamwambia Nora juu ya uzio, "Mimi nitasema ndiyo. Ni imani yangu. Nakupenda, lakini nitasema ndiyo." Niliacha kuosha vyombo, nikidhani sasa mapapai ndiyo basi. Nora, uso umemwiva, akasema, "Imeniuma, Luz. Ila angalau umeniambia usoni. Wengine wananisalimia tu huku hawanitazami." Jumamosi mapapai yalikuja, ingawa Luz alipewa mabichi.

Mzee yeye alikuwa na taabu nyingine. Mwanawe ni mtu mkubwa kanisani, alishampigia simu kumkumbusha aseme ndiyo. Upande wa pili wapo majirani, na Keala ndiye anayemkata kucha za miguu ambazo mimi na Luz ametukataza kugusa. Alihangaika wiki nzima, chakula kikawa hakimpiti. Siku ya kura nilimpeleka mpaka shuleni wanakopigia, mimi nikabaki nje, kwa sababu mgeni hana kura. Akatoka ameng'aa kama mtu aliyetua mzigo. "Ile ya ndoa nimeiacha tupu," akasema. "Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Sasa hakuna wa kunilaumu."

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye uzio kujisifu. Akamwambia Nora kwamba hakuinua mkono dhidi yao, na wala hakumwasi mwanawe, amekaa katikati. Nora alimtazama, akaanza kucheka mpaka akashika uzio. "Mzee wangu," akasema, "huku hakuna katikati. Katiba haibadiliki mpaka zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku ile waseme ndiyo. Karatasi tupu inahesabiwa pamoja na za hapana. Umetupigia kura sisi!"

Luz akaja mbio kuuliza kuna nini, alipoelezwa naye akacheka mpaka akapiga magoti. Mimi nilimwonea huruma Mzee, nikamsogezea kiti. Akakaa, akafikiri, na mwisho akasema, "Kumbe nilipodhani nimenyamaza, nilikuwa nasema. Ningejua, ningesema kwa mdomo wangu, angalau nipate shukrani zake."

Upande wa Nora na Keala walishindwa, tena vibaya. Asubuhi yake Nora alitoka kwenda kwenye basi lake macho mekundu, Keala alikuwa anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilipika wali, na Mzee Tadashi, ambaye hata chooni hushikwa mkono, alichukua bakuli mwenyewe akatoka nalo mpaka mlangoni kwao. Walichosema sikukisikia. Alirudi na papai kwapani, akaniambia nimpigie simu mwanawe, ana neno la kumwambia. Akamwambia yote, na huyo mwana bado amenuna, lakini Mzee sasa anakula mpaka anaongeza.

Baba, mimi na huyo Mzee tulikuwa tumefanana. Gaudensi aliponiandikia kwamba mmepanga kikao cha ukoo wakati wa Noeli kuamua kama Anjela ataolewa na Salumu, alimalizia hivi: "Wewe uko mbali, kaa kimya, ya huku tuachie sisi." Nami nilikuwa nimekubali. Nilijiambia, Anjela ni mdogo wangu nampenda, Gaudensi ni kaka yangu namheshimu, nikae katikati. Niwatumie salamu na picha za bahari, basi. Kicheko cha Nora ndicho kilichonigutusha. Huku karatasi tupu inahesabiwa kuwa hapana. Kwetu mtu akikaa kimya kikaoni, wazee husema amekubaliana na wakubwa, na asiyefika wanamwambia asiyekuwepo na lake halipo. Kote kuwili kuna mtu anakuhesabu, na hakuulizi.

Shangazi, wewe ndiye unayelijua hili kuliko wote. Baba alipotaka kumwoa Mama, yeye Mpogoro Mkatoliki, Mama Mnyakyusa wa Moravian aliyewafuata kaka zake kwenye miwa, wazee walikaa Kiberege wewe ukiwa ng'ambo, mto umefurika, pantoni ya Ifakara imefungwa. Walisema asiyekuwepo na lake halipo, wakamkataa. Mama alirudi kambini Kidatu analia. Maji yalipopungua ulivuka, ukaja na tope mpaka magotini, ukaketi katikati yao ukauliza, "Mlimhesabu nani? Anzeni upya." Wakaanza upya. Mama ametusimulia hivyo tangu tukiwa watoto, na kila mara anafika kwenye lile tope anafuta macho kwa khanga.

Sasa mto uliofurika ni huu ulio mbele yangu, na ni mpana kuliko wako, Shangazi. Pantoni yangu ni barua hii.

Najua na Kiberege kuna ungo. Watu wamekwisha kuwapanga: Wakatoliki watakataa kwa sababu Salumu ni Mwislamu, ndugu wa Salumu watakataa kwa sababu Anjela anaimba kwaya, wazee watakataa kwa sababu ni wazee. Jamani, msianguke mlipopangiwa kabla hamjamtazama kijana mwenyewe. Salumu ndiye aliyefungua duka la baba yake Ifakara usiku wa msiba wa bibi akatupatia sanda, akatwambia tukazike kwanza. Anjela ameshona miaka yote kwenye kibaraza cha duka hilo, na hajawahi kuja nyumbani na chozi lililotoka huko. Wamekubaliana kwenda bomani, kila mmoja abaki na sala yake. Sheria yetu inawaruhusu, wala haihitaji nchi nzima kuwapigia kura. Nilipomweleza Keala kwamba kwetu Mkristo na Mwislamu wanaingia ofisini kwa mkuu wa wilaya, wanatoka mke na mume, aliniomba nirudie. Halafu akaniuliza, "Na wapo ambao wana mlango huo wazi, na bado wanazuiwa na ndugu zao?" Niliona haya, Baba.

Kaka Gaudensi, umefika mpaka hapa bila kuruka, nakushukuru. Kama moyo wako unakataa, kataa. Lakini fanya kama Luz. Simama umtazame Anjela usoni, useme ni wewe unayekataa, usijifiche nyuma ya neno "ukoo". Akikupa papai bichi, ulile tu. Ninachoogopa ni mdogo wetu aje kuolewa kwa kutoroka, halafu kila Noeli Mama apakue sahani moja pungufu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si vinginevyo.

Nisalimieni baba mkubwa wa Mang'ula, mwambieni huku nako kuna milima yenye msitu, ila haina nyani wa kumwibia mahindi. Nisalimieni mama mdogo wa Namawala na wanawe, na kwaya nzima ya kigango, hasa wale wa sauti ya pili wanaoimba kama wanagombana. Mjomba atakayekuja kutoka Tukuyu kwa ajili ya kikao namwamkia kwa unyenyekevu. Mjomba, nawe ni mgeni kama mimi, usikubali kunyamazishwa. Shemeji mke wa Gaudensi, nimeona umecheka pale kwenye mapapai. Salumu nisalimieni kwa jina lake, msiseme "yule".

Mama, siku ya kikao naomba utoe kile kigoda changu nilichokuwa nakalia nikimenya ndizi. Kiweke ndani ya duara, siyo ukutani, na barua hii uiweke juu yake. Baba akianza kuuliza mmoja mmoja kutoka kushoto, akifika kwenye kigoda asikiruke. Asimame, aulize kama anavyouliza wengine: "Na wewe, Skola?"

Nami najibu mbele yenu wote, nikiwa na akili zangu, kwa mdomo wangu: Anjela aolewe na Salumu, na aondokee nyumbani kwetu, mchana, sote tukimwona.

Nimesema, Baba. Niandike kwamba nilikuwepo.

Binti yako,
Skola