Bomba la Shaba kwa Mashimo Manane

Garissa,
Jumatatu, 17 Oktoba 1966

Kwa dada yangu Arbia,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Dabasso na watoto, na kwamba Buna mmeshapata mvua, kwa sababu sisi huku bado tunatazama mawingu yakipita. Mwili wangu ni mzima. Hooyo, mama yetu, naye ni mzima ila anakula kidogo, na kila Ijumaa huniuliza kama mtoto wako wa mwisho ameota meno. Tafadhali umjibu, maana mimi kila mara namwambia ameota mawili na sijui kama ni kweli.

Barua yako niliipata ikiwa imefunguliwa njiani na kubandikwa tena vibaya. Uliniuliza jambo moja tu: ndugu yetu Bare alikwenda kutafuta nini nje ya seng'enge waliyotuzungushia mji siku aliyouawa. Ukaandika kwamba huko kwenu watu wanasema alikuwa akipeleka kitu kwa wapiganaji wa porini. Hao wanaosema hivyo wafunge midomo. Bare alikwenda kutafuta kitu cha kutobolea vigae vya bafu. Najua ni jambo dogo la kufia, na ndiyo maana nimekaa na barua yako wiki tano.

Nianze na ile nyumba. Unajua kwamba mimi ni karani wa stoo mahali wanapojenga nyumba ya wageni wakubwa, na Bare alikuwa fundi mwashi hapo hapo. Nje watu hawaruhusiwi kwenda kunywesha mifugo bila kibali, lakini ndani ya nyumba hiyo ilitakiwa bafu la vigae vya mawe, vyeusi, vya kung'aa, ili mgeni mkubwa akioga aone uso wake ukutani. Vigae vililetwa na msafara wa malori kutoka Nairobi, vikiwa vimefungwa kwa majani makavu kama mayai. Vilikuja vya kutosha ukuta, na vitatu vya akiba. Vinane vilitakiwa kutobolewa tundu la kupitisha bomba la maji.

Msimamizi wetu alikuja na msafara huo huo. Sisi tulimwita Ilkadahab kwa sababu ya jino lake la dhahabu, na yeye alidhani ni jina la heshima. Alikuwa na kisanduku cha biti za keekee, zile ncha za kutobolea, thelathini na mbili, kila moja imelala kwenye kitanda chake cha mahameli. Kila asubuhi alizipangusa kwa leso. Nimeishi na wachunga ngamia, nimesoma na watoto wa makarani, lakini sijapata kumwona mtu anayependa vyombo vya kazi namna ile na kuichukia kazi yenyewe namna ile. Alizijua kwa urefu wake tu. Ipi ni ya mbao, ipi ni ya chuma, ipi ni ya ukuta, hilo hakulijua wala hakuona haja ya kulijua.

Kigae cha kwanza alikitoboa mwenyewe ili tujifunze. Akachukua biti ndefu yenye mkunjo kama pembe ya mbuzi. Bare, kwa upole wake ule, alimwambia, "Bwana, hiyo ni ya mbao. Jiwe halina nyuzi za kukamata." Ilkadahab akamwambia arudi kwa ngamia wake. Akazungusha. Biti ikateleza juu ya kigae ikachora mstari mweupe kutoka pembe hadi pembe. Akachukua ya pili, fupi, akaona haingii, akaomba nyundo. Kigae kikawa vipande vinne. Akatuambia kwamba mawe ya siku hizi hayana ubora. Cha pili kilipasuka kabla ya saa sita, na hapo alisema kosa ni la aliyekishika.

Jioni Bare alinieleza, huku akila tende, kile alichojifunza Kismayu kwa fundi wa marumaru. Alisema jiwe laini hutobolewa kwa biti yenye ncha ngumu, polepole, bila nyundo. Lakini jiwe gumu la kung'aa halitaki jino lolote. Linataka bomba la shaba, jembamba, wazi katikati, mchanga mkali na maji. Unazungushia mahali pa tundu ukuta mdogo wa udongo, unatia maji na mchanga, unazungusha bomba kama mtu anayebembeleza mtoto. Mchanga ndio unaokata, bomba linauongoza tu. Aliongeza kwamba jiwe nalo hulila bomba, kwa hiyo mashimo manane yanataka bomba refu, karibu urefu wa fimbo ya mchungaji. Unakumbuka alivyokuwa akichunga nasi, fimbo imelala mabegani na mikono miwili imening'inia juu yake? Alipokuwa akieleza alisimama hivyo hivyo na mwiko wake wa kujengea, na Hooyo akacheka.

Asubuhi akamweleza Ilkadahab. Yule bwana alicheka mpaka jino likaonekana lote. Akauliza kama sisi pia tunakata nyama kwa kijiko. Mafundi wengine walicheka, kwa kuwa aliyecheka ndiye anayeandika majina ya kazi. Kisha akavunja kigae cha tatu. Akiba ikaisha, na msafara mwingine ulikuwa wa baada ya wiki mbili. Hapo akatangaza kwamba mafundi wa huku ndio wavunjaji, na Bare atakuwa wa kwanza kufukuzwa ikiwa hadi kesho hakuna tundu hata moja.

Bare hakubishana. Baada ya sala ya adhuhuri alitoka kwenda kwenye ile pampu mbovu ya shamba la zamani, chini kando ya mto, nje ya seng'enge. Alijua ina bomba la shaba. Hakuwa na kibali. Alilifungua, akalisafisha kwa mchanga, akarudi mchana kweupe, kwa njia ya wazi, kama mtu asiye na la kuficha. Nalo bomba alilibeba kama alivyobeba kila kitu kirefu maishani mwake, mabegani, mikono imening'inia juu yake. Wewe ungemwona kwa mbali ungesema yule ni mchungaji na fimbo yake. Lakini fimbo haing'ai juani. Aliyekuwa na bunduki kwa mbali aliona mtu na bunduki. Risasi ilikuwa moja. Kila upande unasema ilitoka upande mwingine, na mimi sina tena hamu ya kuwauliza.

Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Siku ya tatu Ilkadahab alikuja kutoa pole. Alivaa tai. Alikaa kwenye mkeka wetu, akanywa chai ya Hooyo vikombe viwili, akasema Mungu ndiye apangaye. Kisha akaniinamia sikioni, akaniuliza kama marehemu aliniambia ni mchanga wa aina gani.

Nilimwambia. Ndiyo, Arbia, nilimwambia, na sasa nakuambia wewe kwa nini sikuwa na uso wa kumfukuza.

Asubuhi ile Bare alipochekwa, nami nilicheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo na daftari langu, na nilitaka Ilkadahab aone kwamba mimi si wa upande wa ngamia. Alikuwa ameniahidi kunitaja Nairobi nipandishwe cheo. Halafu Bare akaja dirishani, bila kinyongo, akaniuliza, "Warfa, huna bomba la shaba humo ndani?" Nikamjibu, "Hakuna, walaal, ndugu yangu." Lilikuwepo. Lilikuwa chini ya rafu ya pili, limefungwa kwa gunia, refu kuliko alilokwenda kulitafuta. Sikutaka awe sahihi mbele ya wote, yeye asiyejua kuandika jina lake, siku ambayo mimi nimecheka. Akasema, "Basi nitaangalia kwingine." Akanigusa mkono, akaondoka.

Siku ya nne nililitoa lile bomba. Nilichunga mchanga wa mto kwa shuka ya Hooyo, nikajenga ukuta mdogo wa udongo, nikazungusha polepole kama alivyosema. Maji yaligeuka kijivu kama maziwa yaliyoingia majivu. Jioni tundu lilitokea, la mviringo, safi, bila ufa. Yote manane nimeyatoboa mimi. Wakubwa walipokuja kukagua, Ilkadahab aliwaonyesha kisanduku chake na kuwaambia ni biti maalumu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliwaacha waamini, na mtu huyo ninayemdharau kuliko wote alikuwa sawa nami siku hiyo, ila yeye hajui alichofanya.

Kila tundu huacha kidonge cha jiwe, mviringo, kama shilingi. Cha kwanza nimekishona ndani ya kitambaa pamoja na barua hii, na nimempa Sora, dereva wa msafara wa Wajir, akufikishie mkononi. Hooyo sijamwambia. Kama unaona inafaa aambiwe, niandikie, nami nitamwambia kwa mdomo wangu. Kama unaona usiniandikie tena, nitaelewa pia.

Nisalimie sana shemeji Dabasso na mama yake Batula, na umbusu mtoto penye yale meno.

Mkumbuke Bare katika sala zako kwa jina lake lote. Na mwishoni, ukiweza, unikumbuke na mimi.

Ni mimi ndugu yako,
Warfa