Mzee Gervasi na Mizani Zilizozidi

Mkumbi, Mbinga

Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada yangu. Kaa kitako kwanza ndiyo usome, maana maneno ninayo mengi na karatasi ni moja. Hujambo? Miguu ya mama imepungua kuvimba? Sie huku wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Bwana wangu anashinda kwenye kahawa za watu, si ndiyo ubwana shamba wenyewe. Na mie kisomo cha watu wazima kimenikolea, barua hii naandika kwa mkono wangu, makosa usimsingizie mtu.

Sasa nikupe ya hapa kijijini. Tuna mzee mmoja, Mzee Gervasi, Mmatengo, ndiye mtunga mashairi wetu. Dada, anatunga vibaya, wallahi! Kila kipande anataka mizani nane, na hazijawahi kumkaa sawa, basi akiimba anahesabu kwa vidole mbele za watu, na watu nao wanahesabu naye. Mwaka baridi ilipounguza mibuni alisimama mkutanoni: "Kahawa yetu imepigwa na baridi." Watu vidole juu: "Kumi na tatu, Mzee! Tano zimezidi!" Akasema, "Nishikieni hizo tano." Kipande cha pili kikawa neno moja tu: "Poleni." Tatu na tano, nane! Watu walicheka mpaka wanafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka. Mwalimu wa shule naye hutunga, vina vimenyooka kama kamba, lakini akishamaliza hakuna anayekumbuka kitu.

Basi mdomo wangu huu unaoujua. Siku moja kwenye mashine ya kusaga nikamtania mbele ya kina mama: "Mzee, kwetu Tanga ukiimba hivyo wanakutoa ukumbini!" Tukacheka wote, na yeye kacheka. Kajitwika unga wake, kaondoka. Tangu siku ile, kimya. Mazishi kimya, mkutano kimya. Wanawake wakawa wananipita njiani kama mti.

Mwezi huu Paulina, mtoto wa mwenyekiti, akawa anaolewa. Siku yenyewe kajifungia ndani: "Siendi kanisani bila shairi la Mzee Gervasi!" Watu wa bwana harusi wamesimama uani tangu asubuhi. Mama yake akanigeukia: "Mama Rehema, wewe uliyemfunga mdomo, kamfungue."

Nikapanda mlima. Nikamkuta kwenye ngoro, yale mashimo wanayolimia huku, jembe mkononi.

"Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Hawa wa hapa wakinicheka sijali, mama. Wananicheka tangu ujana. Lakini wewe umetoka kwenye mashairi yenyewe."

"Mzee wangu, mie kwetu nilikuwa nauza vitumbua! Mizani nimezijulia hapahapa, kwa vidole vyako."

Akaniangalia sana. "Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akaweka jembe, akanawa miguu.

Uani pamejaa. Akaimba: "Paulina mtoto wa mwenyekiti." Dada, kimya! Kila mtu anaogopa kumuumiza, wengine wameficha mikono kwenye khanga. Mzee akatutazama.

"Mbona hamhesabu? Mmekatwa vidole?"

Macho yote kwangu. Nikainua mikono, vidole juu: "Kumi na mbili, Mzee! Nne zimezidi!"

"Haya, mtu wa Tanga kapima! Hizo nne apewe bwana harusi, ndiyo mzigo wake wa kwanza."

Kelele zilizopigwa, hata kuku walikimbia. Mlango ukafunguka, Paulina huyo, analia na kucheka. Na mama yake akanivutia mkeka: "Kaa hapa karibu, mwenzetu, beti bado nyingi."

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na bibi yetu mkunga, na mjomba wa nazi, mwambie apunguze ukali. Mama nimemfungia usipa, dagaa wa huku ziwani, auchemshe na ndimu. Watoto wote wabusu vichwani.

Ni mie mdogo wako, mdomo ni uleule,
Mwajuma, Mama Rehema